Majani ya Chai Ndani ya Pamba

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia Dutwa, pamba ya mmoja wao ilikutwa imelowa ghalani. Milembe, muuza chai wa jirani, aliyewahi kufichua wezi wawili wa kuku na asiyewaacha watu wasahau, aliichambua kwa vidole, akakuta majani ya chai.

"Ni Luhende, mlinzi," akatangaza. "Nani mwingine anakunywa chai humu?"

Sungusungu wa kijiji wakamtenga Luhende. Asisalimiwe, asipewe moto, asiuziwe hata maandazi.

Wiki ya tatu, Milembe alimwaga maji ya kuoshea vikombe nyuma ya kibanda, kama kila siku. Safari hii aliyafuata kwa macho. Yaliteremka hadi ukuta wa ghala, yakaingia kwenye shimo la panya, pamoja na majani ya chai.

Alijaza chai kwenye chupa, akakimbia kwa Luhende.

"Fungua, mwanangu. Ni mimi niliyelowesha ile pamba!"

Luhende akajibu kutoka ndani, taratibu: "Ondoka, mayu, mama yangu. Wakikuona unaongea na mimi, watakutenga na wewe."

Milembe akageuka. Njiani kulikuwa na watu wanakuja.

Akaondoka, na chupa yake imejaa.