Wapangaji wa Picha ya Honorata

Jumanne asubuhi Honorata Macaraeg alikuwa akikwangua rangi ya kahawia iliyogandia kwenye kisu chake cha kuchorea, Aling Sepa alipobisha mlango kwa mguu, maana mikononi alibeba sufuria na beseni la kufulia. Mama huyu alikuwa dobi, jirani wa marehemu mama yake Honorata kule Tondo, jijini Manila. Wiki moja kabla, mtaa wao wa kando ya mfereji ulibomolewa kwa sababu wageni wa serikali kutoka nje wangepita karibu, na haikutakiwa wauone. Watu wakapakiwa kwenye malori, wakamwagwa shambani, mwendo wa saa mbili kutoka Manila.

"Huko hakuna nguo za kufua, mwanangu," alisema. "Hata maji ya kufulia hakuna."

Miaka ishirini Honorata hakuwahi kuchora uso wa mtu. Alichora miraba: ya kutu, ya kijivu, ya matope, iliyobanana na kulaliana hadi ukingoni. Magazeti yaliandika kwamba mtindo huo aliuokota Paris. Hakubishana nayo, ingawa Paris alikaa msimu mmoja tu wa baridi, akiumwa kifua.

Aling Sepa aliitazama picha kubwa iliyoegemea ukuta.

"Hili bati ni langu," alisema, akigusa mraba wa kutu. "Na lile la Mang Doro, mlevi yule. Umetubana, lakini ndivyo tulivyokuwa."

Akavua ndala, akazibana kwapani, akaingia kwenye picha kupitia mraba wa tatu kutoka chini.

Kufikia Ijumaa familia kumi na moja zilikuwa zimehamia humo. Harufu ya samaki wakavu ilijaa chumbani, na Honorata akazoea kufanya kazi huku watu wakigombana ndani ya rangi ya kijivu.

"We Honorata! Kwangu hakuna dirisha," alilalamika Mang Doro.

"Sichori madirisha, mzee. Miaka ishirini sijachora."

"Basi miaka ishirini umetunyima hewa."

Siku ile Honorata hakula. Alasiri akachovya brashi kwenye rangi ya manjano, akatia mstari mwembamba kama kucha kwenye mraba wa Mang Doro.

Picha ilipata tuzo ya kwanza kwenye maonyesho ya jiji, na wataalamu wakausifu mstari huo. Tajiri mmoja wa ujenzi, ambaye matingatinga yake ndiyo yaliyovunja mtaa, akataka kuinunua aitundike ofisini. Honorata alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaona si haki kuamua peke yake, akawauliza wenyewe.

"Huko kwake kuna maji?" aliuliza Aling Sepa.

"Yanapanda mpaka ghorofa ya tisa."

"Basi tupeleke. Ila nguo zetu asiziguse kabla hazijakauka."

Siku ya kuitundika, tajiri alisimama na wageni wake mbele ya picha, glasi mkononi.

"Ninachoipendea ni utulivu," alisema. "Hakuna mtu hata mmoja."

Ndani ya picha, Aling Sepa aliinama mbele ya pua ya tajiri, akakamua shuka. Maji yakadondokea marumaru. Mhudumu akaja na tambara, akapangusa, akaenda zake. Honorata aliagana na majirani zake kwa macho, akashuka kwa ngazi.

Aliporudi nyumbani alikuta malori yamehamisha mtaa mwingine, na foleni ya waliofukuzwa imetoka mlangoni kwake hadi barabarani. Wa kwanza alikuwa mzee asiyemjua, amebeba mlango mgongoni.

"Mlango ninao," alisema mzee. "Nipatie ukuta tu, mama."

Honorata akamwambia aketi, akaanza kuchanganya rangi ya kijivu.