Jua la Ghorofa ya Pili

Kaa vizuri nikutegee. Ametoka mbali kuliko wasafiri wote, hana mzigo wala kiatu. Anapita ndani ya uzi mwembamba kama unywele, na uzi haukatiki, hauungui, wala hausikii kitu. Ni nani huyo? Usiniambie umeme, umeme nimeukataa mapema. Na ukishindwa usinipe mji, leo sina haja ya mji. Jibu utalikuta humu humu ndani.

Palikuwa na mama mmoja fundi wa meno ya bandia. Watu walimwita Bi Meno, ingawa yeye mwenyewe magego mawili yalishamtoka na hakuwahi kupata nafasi ya kujitengenezea mengine. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya pili, chenye dirisha moja. Zamani jua la asubuhi lilikuwa likiingia kwa dirisha hilo na kumkuta mezani. Kisha jirani akajenga. Ukuta ukapanda tofali juu ya tofali mpaka ukasimama mbele ya dirisha, karibu kiasi kwamba ungeugusa bila hata kunyoosha mkono sawasawa. Tangu hapo Bi Meno akawa mtu wa taa.

Sasa, jino si kitu cheupe. Anayesema meno ni meupe hajawahi kulitazama jino. Karibu na ufizi lina umanjano kidogo, katikati lina ukungu, na kwenye ncha lina kibuluu chembamba, kama maziwa yaliyotiwa maji. Fundi huchanganya unga wa kauri, akaupaka kwa brashi tabaka juu ya tabaka, akaoka kwenye tanuri dogo, halafu akalinganisha na meno ya mwenyewe. Na kulinganisha kunataka jua. Chini ya taa, jino la kauri na jino la kuzaliwa hufanana kama mapacha. Yatoe nje uone: hayajuani kabisa.

Kwa hiyo Bi Meno alikuwa akishuka ngazi na mteja nyuma yake hadi mlangoni mwa jengo, mteja anapanua kinywa hadharani, wapita njia wanachungulia. Hata muuza magazeti wa pale nje alikuwa na neno lake.

"Hilo bado, Bi Meno. Limepauka."

"Wewe uza magazeti," Bi Meno humjibu. Lakini akipanda juu huliongeza rangi.

Tatizo likawa magoti. Yalianza kwa kulalamika, yakaishia kugoma. Siku moja, goti la kushoto limevimba, akajisemea, acha leo nilinganishe hapa hapa. Mteja alikuwa mwalimu wa hesabu aliyevunjika jino la mbele. Akalivaa, akajitazama kwenye kioo, akatabasamu, akaenda zake. Kesho yake alirudi mkono mdomoni.

"Bi Meno, darasa langu lina madirisha makubwa," alisema kwa upole. "Wanafunzi wananiita Punje ya Mahindi."

Katika maisha yake yote ya kazi Bi Meno hakuwa amerudishiwa jino. Alilipokea kwenye kiganja, akamwomba mwalimu radhi, akaahidi kulitengeneza upya. Moyoni akapanga: hili nalo likinishinda, nafunga.

Habari zikamfikia mwanawe wa kwanza, dereva wa lori, anayekaa mji mwingine na mkewe na watoto. Akapiga simu.

"Mama, umekula chumvi ya kutosha. Funga kazi, njoo ukae na wajukuu zako. Unahama au huhami?"

"Nitakujibu, baba."

Akauliza tena wiki iliyofuata, Bi Meno akamsimulia habari za mvua. Akauliza mara nyingine, mama akasema kuna mtu anabisha hodi. Mwisho kijana akasema Jumamosi anakuja na gari, jibu atalichukulia huko huko.

Bi Meno alikuwa pia na binti, kitinda mimba wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda mpaka jina likamganda. Kitinda alikuwa chuo kikuu akifanya utafiti wa nyuzi za kioo. Mama yake aliwaambia majirani kwamba mtoto anasomea nyuzi, na majirani wote wakaelewa ushonaji. Mmoja alishamletea gauni la kupunguzwa.

Kitinda aliposikia habari za jino alikuja, akamkanda mama yake goti, akatazama dirisha, akatazama dari.

"Mama, kama huwezi kulishukia jua, acha jua likushukie."

"Limekwambia lina nafasi?"

"Litapata."

Akaeleza. Juu ya paa angeweka sahani ya lenzi, inayojigeuza kulifuata jua tangu asubuhi mpaka jioni kama alizeti. Kila lenzi ingekusanya mwanga na kuutia kwenye ncha ya uzi mmoja. Ukishaingia, mwanga hugonga ukuta wa uzi kwa ubavu, ukashindwa kutoka, ukarudi ndani, ukagonga upande wa pili, ukarudi tena, hivyo hivyo mpaka mwisho, hata uzi ukipinda.

"Kama mtoto aliyefungiwa kwenye korido," Bi Meno akasema.

"Hasa. Ila huyu hachoki."

Nyuzi za kwanza zilikuwa za plastiki. Mwanga ulishuka kweli, lakini Bi Meno alipouweka mkono wake chini yake aliona kiganja kimekuwa na rangi ya mgonjwa.

"Kitinda, umeniletea jua bichi."

"Najua, Mama. Plastiki inakula wekundu njiani. Hizi zilikuwa za kupimia njia tu, nione kama pale ukutani, kando ya bomba la maji machafu, panapitika. Za kioo ninazivuta mwenyewe kule maabara. Kijiti cha kioo tunakining'iniza juu kwenye mnara, kinayeyushwa ncha, kinadondoka kama asali, na tone linavyoshuka linaacha uzi nyuma yake. Mwalimu wangu ameniruhusu nizijaribu hapa."

Bi Meno alishika tama. Kioo alichokijua yeye kilikuwa kile cha kuvunjika.

Jumamosi ikafika. Kitinda yuko juu ya paa. Mwalimu wa hesabu yuko kwenye kiti, jino jipya la kauri liko kwenye kisahani, bado halijalinganishwa. Na mwanawe wa kwanza ameshaingia, amemsalimu mama yake shikamoo, ameshazungusha blanketi kwenye tanuri, amelifunga kamba na kulisogeza mlangoni.

"Mama, jibu langu."

"Ngoja kwanza, baba."

Juu ya meza kilining'inia kicha cha nyuzi za kioo ndani ya ala nyeusi, kimekaa kama shada la majani lililokatwa, hakina uhai. Bi Meno akazima taa. Wakakaa gizani wote watatu.

Halafu ukaja. Kwanza ncha moja, kisha nyingine, kisha shada zima likafumbuka, na mwanga ukamwagika mezani kimya kimya. Kama ulikuwa bado unafikiri, msafiri wangu ndiye huyo. Dakika chache tu kabla alikuwa kwenye jua lenyewe, amevuka anga tupu lote lile, ameingia kwenye unywele wa kioo, amepita pembeni ya bomba la maji machafu, na sasa amelala juu ya kitambaa cha fundi meno. Bi Meno aliiona mikono yake. Aliona mshipa, kovu la tanuri, vumbi la kauri kwenye mikunjo ya vidole. Alikuwa ameisahau ilivyo.

"Si taa tu hii?" mwanawe akauliza, lakini kwa sauti ndogo. Akauweka mkono chini ya mwanga. "Mbona haichomi?"

Kabla hajajibiwa, mwanga ukaanza kufifia. Haukuzimika. Ulipungua taratibu, chumba kizima kikawa cha kijivu, kisha ukarudi vile vile, taratibu. Simu ya Bi Meno ikalia.

"Mama," Kitinda akasema kutoka juu, "kuna wingu limepita. Umeliona?"

Mwanawe alikwenda dirishani akaugusa ukuta wa jirani. Ulikuwa pale pale.

"Limepita humu ndani," Bi Meno akasema. "Limepita juu ya meza yangu."

"Aa?" akauliza mwalimu, kinywa bado wazi.

Bi Meno akavuta kiti. Akaliweka jino jipya kando ya yale ya kuzaliwa na kuinama. Kibuluu cha kwenye ncha za meno ya kuzaliwa kilikuwa kinaonekana, chembamba, kinapitisha mwanga kama ukungu unavyopitisha asubuhi, na ndani yake vidoa vyeupe viwili vitatu ambavyo hakuna taa iliyowahi kumwonyesha. Jino lake la kauri halikuwa navyo. Ncha yake ilikuwa nzito. Alitazama muda mrefu, mpaka mwalimu akameza mate. Kisha akachovya brashi, akachanganya, akapaka, akatazama tena, akafuta, akapaka.

"Bado kuoka tu," alisema, akageuka na jino kwenye ncha ya kibanio. Tanuri lilikuwa mlangoni, ndani ya blanketi, na mwanawe amerudi kulishika kamba.

Wakatazamana.

"Ulikuwa umeniuliza, baba," alisema. "Sihami. Lifungue hilo tanuri uliwashe, mwalimu anasubiri."