Mtego wa Sekunde Mbili

Pampu ya maji ya kijiji cha Daudi ilikuwa ikizimika yenyewe kila asubuhi, na kamati ilishakata shauri: Ijumaa mzee Nikolausi, mwendesha pampu, aondolewe kwa kosa la kulala kazini. Alikana, hakuna aliyemsikiliza. Agatha, fundi kutoka Mbulu mjini, alifika Jumatano na kifaa cha kunasa mawasiliano kati ya pampu na tangi la kilimani. Alimpa mzee shikamoo, akachomeka waya, akakiacha kinase kila kitu. Hapo alijidanganya. Saa nne kumbukumbu ya kifaa ilijaa kikaacha kunasa, na pampu ikazimika saa nne na nusu.

Badala ya kuudhika, alizidi kutaka kujua. Alhamisi akaweka mtego: kifaa kipuuze mazungumzo ya kawaida, ila tangi likinyamaza sekunde mbili kihifadhi dakika ya kabla na ya baada. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito. Saa nne na nusu ikapita salama. Saa tano na dakika kumi mtego ukafyatuka, na pampu ikazimika.

Kumbe tangi halikunyamaza ghafla. Lilikatika, likarudi, likakatika tena, kama mtu anayetikiswa huku anaongea. Pampu ikikosa habari za tangi hujizima kwa usalama, hilo Agatha alilijua. Lakini leo ilichelewa kuzimika; ukungu ucheleweshe nini? Akamuuliza mzee ni kitu gani hapa husubiri ukungu uondoke.

"Ng'ombe," alisema Nikolausi. "Hatuwatoi mpaka umande ukauke."

Wakapanda kilimani. Ng'ombe walikuwa wameizunguka nguzo ya waya utokao kwenye tangi, wakisukumana na kujikuna juu yake, maana chini pake palikuwa na donge la chumvi ya kulamba. Waya ulikuwa umelegea kabisa. Agatha alifurahi hata akacheka peke yake. Mzee hakucheka.

"Hiyo chumvi niliiweka mimi," alisema taratibu. "Nilitaka wasikanyage mabomba kule chini."

Furaha ikamwisha Agatha. Alimwonea huruma, akamwambia angeweza kuandika ng'ombe tu kwenye ripoti, chumvi asiitaje.

Nikolausi aliinama, akaliokota lile donge, akalifuta mate ya ng'ombe kwa koti lake.

"Andika yote, binti yangu," alisema. "Wakitaka waniondoe kwa chumvi. Lakini kulala, sikulala."