Fuvu Zima

Nafundisha mifupa chuo cha wauguzi. Wanafunzi wangu hujifunza fuvu kwa vidole, kwenye vichwa vyao wenyewe: paji, panja, kisogo. Asiyejigusa kichwa hapati maksi kwangu, na wananiona mnoko. Acha wanione.

Jana mdogo wangu, fundi rangi tunayemwita Mbishi, alianguka kutoka ghorofani, kichwa kikatangulia. Leo daktari alinionyesha picha ya kichwa chake. Nilipotoka, mama alikuwa kwenye benchi la korido, amepakata viatu vya mwanawe vyenye madoa ya rangi.

"Mfupa umevunjika?" akauliza kabla sijakaa.

"Haujavunjika, mama. Fuvu ni zima."

"Mungu mkubwa! Si nilisema? Kichwa cha huyu, hata nyundo inarudi ilikotoka." Alicheka huku machozi yakimtoka, akachukua simu na kuwapigia mama wadogo mmoja baada ya mwingine. Mfupa mzima, jamani, mfupa mzima! Nilitamani kumpokonya ile simu. Wala sikuwa na hasira naye. Hasira yangu ilikuwa kwa ule mfupa.

Maana daktari hakunificha kitu. Damu imevujia ndani, ubongo umevimba, na fuvu la mtu mzima halitanuki. Ubongo ukikosa nafasi husukumwa chini, kwenye tundu kubwa lililo juu ya shingo, na hapo ndipo inapobanwa sehemu inayoendesha pumzi. Yake imeshabanwa. Kupasua hakusaidii tena, mashine ndiyo inayompumulia, na wanasubiri tu tumuage.

"Mama, kata simu."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi, kwa sababu sikuwa na maneno mengine. Nilipofika kwenye tundu nilijigusa kisogo, kama darasani. Moyo ulikuwa unanipasuka, nami naendelea kufundisha.

Aliviweka viatu sakafuni. "Kwa hiyo mfupa ungepasuka..."

"Pengine ubongo ungepata pa kwenda, mama."

Hakulia. Aliingia chumbani, akakaa kando ya kitanda, akaweka kiganja juu ya utosi wa mwanawe.

"Alipozaliwa hapa palikuwa laini," alisema. "Palikuwa panadundadunda. Nilikuwa naogopa hata kumwogesha." Vidole vyake vilipapasa polepole, vikitafuta. "Kila siku nilimwomba Mungu pafunge upesi."