Vishazi vya Kuanikia Nguo

Jumamosi, baada ya uji, wanafunzi wa shule ya bweni mjini Élisabethville walifua nguo zao, wakazianika darasani juu ya vishazi tegemezi vya Kiingereza.

Kamba za uani zilikuwa chache, na mvua za Januari hazina adabu. Padri Émile, mwalimu wao wa Kiingereza, alishawaeleza: kirai, kwa kuwa hakina mtenda na kitenzi chake, kikitamkwa peke yake huanguka sakafuni na kufagiliwa. Kishazi huru hujitosheleza. Hutoka dirishani kikaenda zake. Kishazi tegemezi hubaki hewani, kimejinyoosha ukuta hadi ukuta, kikingoja kumaliziwa.

Liévin ndiye aliyegundua kwamba vinabeba suruali. Alijiona bingwa wa Kiingereza kuanzia Kambove hadi Sakania, na hakuna aliyempinga, maana hakuna aliyeulizwa. "Ikiwa ng'ombe wa Padri atameza kofia," alitamka kwa Kiingereza, na rafiki yake Mukuka akaanika soksi.

Liévin alitaka jambo moja tu: ukarani wa reli pale Sakania, ambako treni za Rhodesia hupokelewa kwa Kiingereza. Mzungu wa reli alipokuja kukagua shule, Liévin alivaa shati lake jeupe, akatamka sentensi ndefu ya vishazi vitatu, kila kimoja mahali pake. Ilimzunguka mgeni kwa heshima, ikatoka dirishani. Liévin akainama kupokea makofi ambayo hayakuwa yamepigwa.

Mgeni akatabasamu. "Utakapokuwa umeiva vya kutosha," alisema kwa Kiingereza safi, akachukua kofia yake, akaondoka.

Kishazi kikabaki juu.

Liévin akakaa chini yake, kifua mbele, akingoja kilichobaki. Kwaresima ikaja, ikapita. Ukarani akapewa kijana kutoka Ubelgiji, ambaye Kiingereza chake chote kilikuwa virai. Muda si mrefu tangazo la nafasi ya mfagiaji wa ofisi yake likaletwa shuleni.

"Weye, uko unangoja nini?" aliuliza Mukuka, mabega yamelemewa na mablanketi mabichi.

"Mwisho yake."

"Mwisho haiko, ndugu. Lakini angalia vile iko nguvu!"

Akayatupa mablanketi yote juu. Vishazi vya Liévin vingekatika. Hiki hakikulegea hata kidogo.

Liévin akavua shati jeupe, akalifua, akalianika pembeni. Lilikauka vizuri.