Mama Mkwe Anakula

Hadi saa sita nilikuwa nimelizunguka soko zima la Bariadi, na bado mke wangu Milembe ananipigia simu: mchele uliotoka Mkula, siyo mwingine! Njaa ikanishinda. Nikaketi kwa mama lishe, nikaagiza ugali na sato wa mchuzi.

Tonge halijafika mdomoni, nikamwona mama yake Milembe benchi la pili, sahani mbele yake.

Kwetu Wasukuma, mtu hali mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hali mbele ya mkwewe. Miaka yote ya ndoa yangu sijamwona akimeza hata maji. Nikanyakua sahani yangu, nikakimbilia nyuma ya magunia ya dengu. Mchuzi wote ukamwagika njiani. Upuuzi mtupu!

Ningeondoka, lakini macho yalikataa. Mama yule niliyemzoea kwa sauti ya chini na khanga usoni alikuwa anavunja kichwa cha sato kwa vidole, ananyonya mfupa mmoja mmoja, anacheka na wenzake mpaka machozi. Jamani, alikuwa mzuri! Ugali ukanipoa mkononi.

Mara mama lishe akanifuata na bakuli la mchuzi wa moto.

"Sijaagiza," nikamwambia kwa ukali.

"Umeagiziwa. Yule mama kasema mkwe wake asile ugali mkavu."

Nikachungulia. Mama mkwe alikuwa amegeukia ukuta, amenipa mgongo, na hakugeuka mpaka nilipomaliza kula.