Wakili Aliyekuwa Mchumba

Polisi walikuwa wakimsaka mteja aliyepeleka kochi lake kwa fundi likarekebishwe, wakalikuta kochi tu. Walipolipasua pale kwenye karakana ya fundi, bastola ikadondoka kutoka ndani ya sponji. Mwenyewe keshatoweka, basi wakamkamata fundi kwa kumiliki silaha bila kibali. Mkewe alipata habari kesho yake, kwa jirani.

Alipofika mahakamani alikuta mumewe ana wakili tayari. Alimtambua kwa mgongo tu. Huyu ndiye mwanamke ambaye fundi alikuwa amemchumbia kabla hajamwoa yeye.

Kesi ilipoahirishwa, alimfuata ofisini kwake.

"Nani aliyekuita?"

"Mumeo. Alinipigia akiwa kituoni," wakili alisema bila kujivuna. "Walimruhusu simu moja."

Simu moja. Mke wa fundi alihisi kama kamezeshwa kaa la moto. Hata kiti hakukikalia.

"Dada, ukitaka nijitoe, sema sasa," wakili akaendelea. "Ila nikijitoa, sijui nani atamwokoa."

Ulimi ulimwasha. Akaumeza wivu wake mzima mzima. "Endelea."

Siku ya ushahidi wakili alisimama mbele ya mpelelezi, suti imemkaa kama kazaliwa nayo. Mke wa fundi aliomba Mungu mwanamke yule ashinde, na papo hapo akaomba kisigino cha kiatu chake kivunjike.

"Ulipoingia karakana, kochi lilikuwa limefunguliwa?" wakili aliuliza.

"Hapana."

"Nani alipasua kitambaa?"

"Mimi."

"Na nyuzi ulizozikata zilikuwa mpya?"

Mpelelezi alikohoa. "Za zamani. Zimefubaa."

"Kwa hiyo fundi hakuwa amelifungua. Alijuaje kilichomo?"

Hakimu aliona upande wa mashtaka haukuthibitisha kwamba fundi alijua habari ya bastola. Akamwachia huru.

Fundi alishuka kizimbani, akamshika wakili mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yanamtoka. Mkewe alisimama kando na mkoba wa nguo safi. Tangu waoane hajawahi kuyaona machozi hayo.

Nyumbani fundi alikula kwa pupa, na kila tonge lina neno: wakili kasema hivi, wakili kafanya vile.

"Simu ilikuwa moja," mkewe akamkatiza. "Ukampigia yeye."

Fundi aliacha kutafuna. "Nilitaka mtu wa kunitoa. Wewe ningekuita ili ulie?"

"Ningelia. Halafu ningekuja."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mke wangu," alisema. Kisha, taratibu: "Kesho nilitaka niende kumshukuru."

Mkewe alimwongezea mchuzi, akauweka upawa chini.

"Tutakwenda wote," alisema. "Na mazungumzo nitayaanza mimi."